Kobe Aliyepauka

Miezi minne mizima fundi cherehani alikuwa akiwinda kobe, tena kobe wa kwenye gemu, na hakuona haya hata kidogo. Kila alipopata upenyo kati ya nguo moja na nyingine, alishika kidude chake cha gemu, akamwingiza mwindaji wake pangoni, na kobe akatokea. Wa kahawia. Hao wa kahawia ni wa kumwaga. Aliyemtaka yeye ni wa rangi ya majivu, ambaye huja mara moja katika maelfu. Basi akazima bila kuhifadhi, akawasha, akaanza upya, na kila jaribio akalichorea mstari wa chaki nyuma ya ubao wa kukatia. Mistari ilikuwa imefika elfu mbili mia tatu na kumi na sita.

Wifi yake, ambaye ndiye mpiga pasi wa hapo dukani, alimcheka kutwa. "Mtu mzima na mvi zako, unakimbizana na katuni!"

 Fundi alijua siku atakayompata kobe huyo, wifi atafunga mdomo.

Asubuhi moja alikuwa ndiyo kwanza amewasha, kobe hajatokea bado, mteja akaita nyuma ya pazia kwamba gauni linambana kwapani. Fundi akaweka gemu mezani, akaenda kupima, pini mdomoni.

Aliporudi, kobe wa kahawia alikuwa anamkodolea macho kwenye kioo. Pembeni wifi anatabasamu, eti katenda wema.

"Nimekusaidia, wifi. Alikuja mmoja hovyo kabisa, amepauka. Nikazima, nikawasha, kama unavyofanya wewe. Mwone huyu sasa, rangi imekolea!"

Pini zikamdondoka fundi mdomoni. "Amepauka vipi?"

"Majivumajivu hivi. Kama kile kitambaa tulichorudisha juzi."

Hapo damu ikamchemka. Jamani, kuna dhuluma kuliko hii? Ni kweli dukani kwao kitu kikipauka kinarudishwa, na fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, lakini tangu lini kobe akawa kitambaa?

"Miezi minne umesimama hapo na pasi yako unanicheka! Hukuona hata siku moja uniulize natafuta nini?"

"Nilijua unatafuta mzuri," wifi alisema, sauti imeshuka.

Fundi alitaka kumfukuza pale pale, pasi na maji yake na kila kitu. Lakini kobe wa majivu alikuwa ametokea, na katika dunia nzima aliyemwona ni huyu mwanamke tu. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

"Kaa chini," akamwambia. "Nieleze alivyokuwa. Macho yake yalikuwa rangi gani?"

Wifi akatazama pasi, kisha sakafu.

"Sikuyaangalia, wifi."