Chumba cha Ng'ambo ya Korido

Wadha alizungumza dakika nane bila kukatizwa, na hilo peke yake lilipaswa kumtia shaka. Alikuwa katika chumba kidogo cha pembeni, kipaza sauti mbele yake, na ukutani spika iliyomletea sauti za madiwani wanaume waliokaa ukumbini, ng'ambo ya korido. Alieleza jinsi mvua ya mwaka uliopita ilivyovamia nyumba za mtaa wa Shuaib, jinsi godoro la mzee mmoja aliyepooza lilivyoelea naye akiwa juu yake, na kwa nini mtaro ulihitajika kabla ya mvua za majira ya baridi. Alipomaliza akanyamaza, akingoja jibu. Spika ikacheka. Wanaume walikuwa wakijadili mitende ya barabara ya uwanja wa ndege, na mmoja wao alikuwa ametia mzaha.

"Samahani sana, Mama Rakan," alisema katibu, Ghazi, alipokuja kuchukua karatasi zake. "Upande wetu tulisahau kukuwasha."

Alisema hivyo hivyo, kukuwasha, kama taa ya msalani.

Wadha alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana ya Rughaima, mjane, mwenye mtoto mmoja, Rakan, aliyefanya kazi wizarani katika mji mkuu. Mfalme alipotoa amri kwamba wanawake nao wapige kura na kugombea mabaraza ya miji, alijiandikisha, akashinda. Wiki ya kwanza nyumba yake ilijaa maua na keki. Ya pili, wenzake wa kahawa ya Jumatatu walianza kupata udhuru. Hawakumchukia. Kila mmoja alikuwa na mume, na kila mume alikuwa na mkubwa wake wa kazi. Hakuna aliyemtolea neno baya. Simu tu iliacha kulia.

Wala hakuwa mtu wa vurugu. Wasichana walipolalamika shuleni, yeye ndiye aliyewaambia kwamba nchi ni gari lililopakia mayai, dereva mwenye akili haendi mbio. Aliamini hivyo alipokuwa akiwaambia. Lakini kikao kilichofuata hakuingia chumbani mwake. Alivuka korido, akasukuma mlango wa ukumbi, akatoa salamu, akaketi kiti cha mwisho.

Hakuna aliyefoka. Mwenyekiti Dhafir, ambaye mjini walimwita Baba Nasir, mtu mpole ambaye binti zake wanne walisomeshwa na Wadha, alitazama saa yake, akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa. Madiwani kumi na mmoja wakatoka mmoja mmoja, wengine wakimwitikia salamu kwa adabu zote. Akabaki na safu za viti vitupu. Mwezi uliofuata ikawa vivyo hivyo.

Ijumaa moja baada ya swala, kaka yake Mutlak, aliyekuwa hajakanyaga kwake tangu uchaguzi, alibisha hodi. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa kabla ya kufungua kinywa.

"Kazini wananiuliza dada yangu anavaa kilemba saizi gani."

"Waambie chako kinanitosha."

Mutlak alicheka bila kutaka, kisha akajirudi. "Dhafir amenituma. Ukirudi chumbani, mtaro wako unapita kikao kijacho. Usiporudi, baraza halikutani, na mvua hiyo iko njiani."

"Kwa hiyo nitakuwa nimefanya nini, Mutlak?"

"Utakuwa umepata mtaro! Ulitaka nini kingine? Dada, mfalme ametufungulia mlango kwa hiari yake, hakuna aliyemkaba koo. Wenzetu wa nchi jirani walitaka yote siku moja, leo wanalala kwenye mahema. Na Rakan yuko wizarani. Umemfikiria?"

Alikuwa amemfikiria. Alikuwa amemfikiria pia yule mzee wa godoro, ambaye hakujua hata jina lake.

Akarudi chumbani. Mtaro ukapita bila mjadala, na yeye akatandikiwa zulia jipya. Mvua kubwa ya Januari ilipokuja, alimwambia dereva ampeleke Shuaib. Maji mekundu yalikuwa yakikimbia ndani ya mtaro, na mlangoni pa nyumba ya kwanza mwanamke alisimama akiyatazama, mikono kiunoni.

"Mungu amweke mwenyekiti wetu, Baba Nasir," mwanamke alisema. "Ametuokoa."

"Amina," alijibu Wadha.

"Na wewe, mama, wa mtaa gani?"

"Napita tu."

Kutoshukuriwa hakukumuuma. Kilichomuuma ni kurudi nyumbani na furaha asiyokuwa na wa kumpa. Alimpigia Rakan, Rakan alisema yuko mkutanoni, atampigia. Akala wali wake mbele ya televisheni iliyozimwa sauti.

Mwaka wa nne, miezi miwili kabla ya uchaguzi, Dhafir alisoma barua kutoka juu. Kwa ajili ya utulivu, uchaguzi ungeahirishwa miaka miwili. Madiwani wote wangeendelea na nafasi zao. Baraza liliombwa kuunga mkono.

"Kuna anayepinga?" aliuliza, na katika spika karatasi nyingine ilikwisha kufunuliwa.

Wadha hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza, na ukimya alikuwa nao tele. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Mimi napinga."

Karatasi zikatulia.

"Mama Rakan, pengine hukuelewa. Na wewe unaendelea."

"Nimeelewa, Baba Nasir. Walionichagua walinipa miaka minne. Nikitaka mingine, nitawaomba wao."

"Haitabadilisha kitu, dada yangu." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa kama ya kubembeleza.

"Najua. Katibu aandike."

Ghazi akakohoa. "Niandike, mmoja amepinga?"

"Andika jina. Wadha binti Falah."

Alingoja wamzime. Hawakumzima. Ndani ya spika zilisikika pumzi za wanaume kumi na mmoja, karibu mno, kana kwamba wamemzunguka pale alipo; naye akaketi akizisikiliza, viganja vyake juu ya meza baridi, asijue ni nani kati yao angetangulia kusema.