Nishikie Kikombe

Wanaume wa Chilangala walimvumilia Zena benchini kwa sababu walidhani atachoka. Mwanamke gani, walisema, ataamka alfajiri kila siku akae kwenye kahawa chungu na wanaume, asikilize siasa zao na habari za magoti yao yanayouma? Walimpa mwezi mmoja. Hawakuwa wanamjua.

Hakufuata kahawa pale. Zamani bei ya korosho ilitangazwa na chama cha ushirika, ikabandikwa ukutani, kila mwenye macho akaisoma. Sasa biashara ilikuwa huria. Wanunuzi walikuja na magari yao, kila mmoja na bei yake mfukoni, na bei hizo zilitajwa mahali pamoja tu: kwenye benchi la kahawa la Mrisho, pale sokoni. Ashiru, mume wa Zena, alipofariki, mikorosho ilibaki kwa Zena na mwanawe Safari, ila aliyekuwa akiisikia bei alikuwa kaburini. Zena alipomaliza eda alikwenda akakaa pale pale alipokuwa akikaa mumewe. Mrisho, mdogo wa marehemu, ambaye alikwisha kujipangia kwamba korosho za kaka yake zitauzwa kwa mkono wake, alimtazama kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani. Akammiminia kahawa, akiamini atashindwa na uchungu. Zena akanywa, akaomba kikombe cha pili.

Benchi lile lina sheria zake, na wenyewe wanazishika kuliko wanavyoshika ahadi walizowapa wake zao. Kikombe ulichomiminiwa hakikataliwi. Anayekikataa amejitoa mwenyewe na asirudi. Hakiwekwi chini kabla hakijaisha. Mtu akiitwa ghafla humpa mwenzake amshikie, na aliyeshikishwa hawezi kukinywa, kukimwaga wala kukiweka chini mpaka mwenyewe arudi. Ni amana.

Mwaka huo mnunuzi mmoja wa korosho, kwa kutaka jina lake livume, alitangaza mbio za wanawake. Newala wangetoa wakimbiaji wao na Masasi wao, wakutane Masasi mjini. Mchujo wa Chilangala, upande wa Newala, ulikuwa wa kuteremka kutoka sokoni hadi visimani bondeni, kisha kupanda tena. Zena aliposikia alicheka. Mabomba yalikuwa yakikauka yapendavyo, na yakikauka ni wanawake wanaoteremka huko na kupanda na ndoo kichwani, shingo imekaza, wamebeba maji ya kunywa watu wengine. Maisha yake yote alikuwa ameupanda mlima ule kwa ajili ya mtu: mama yake, mumewe, wakwe, mtoto. Mara hii angeupanda mikono mitupu, kwa ajili yake mwenyewe. Aliitaka sana nafasi ile ya Masasi, na hakuona haya kuitaka.

Siku ya mchujo alikunywa vikombe vyake benchini kama kawaida, akafunga khanga kiunoni, akakimbia. Aliwaacha wenzake mbali. Lakini mnunuzi aliyeandaa mbio alikuwa ameweka sharti. Kila anayefika akae, apumzike, kisha apimwe mapigo ya moyo, na ambaye moyo wake hautulii asichukuliwe, asije akaanguka barabarani. Mpimaji alikuwa nesi Josephina, mama wa makamo kutoka Lulindi. Alimshika Zena mkono akiitazama saa yake, akamwacha, akawapima wengine, akarudi kwake. Wenzake walikwisha kutulia na walikuwa wanapiga soga. Moyo wa Zena ulikuwa bado unatwanga.

Mrisho hakungoja kuulizwa. Alilitangazia soko zima kwamba shemeji yake ana moyo mbovu, kwamba mwanamke anayeacha jiko akafuata vikombe vya wanaume huishia hivyo, na kwamba mgonjwa wa namna ile asihangaishwe na mambo ya korosho, wenye nguvu wapo. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Zena. Angalau sasa alijua huruma ya shemeji yake ilikuwa inaelekea wapi.

Nesi akamwita pembeni, akamuuliza amelalaje, amekula nini, amekunywa nini. Aliposikia habari za kahawa akatikisa kichwa.

"Mama Safari, sioni ugonjwa kwenye moyo wako," alisema. "Kahawa huuamsha mwili. Ukikimbia ukiwa nayo ndani, miguu inasimama lakini moyo unachelewa kupata habari. Jumamosi utakimbia tena nikupime. Siku hiyo usiionje mpaka nimalize."

Sokoni hakuna siri. Kabla ya jioni Mrisho alikuwa ameyapata yote, na kesho yake akawa anasema kwamba shemeji ameikimbia kahawa, na akiikimbia kahawa amelikimbia benchi. Zena angeweza kupita mbali Jumamosi ile. Hakuna sheria iliyomzuia. Lakini hakuzaliwa kupita mbali.

Alikwenda akakaa mahali pake. Mrisho akainua birika na kummiminia hadi ukingoni, polepole, ili kila mtu aone.

"Karibu, shemeji. Au moyo unakataa?"

Zena akakipokea. Kila mwanaume pale alikwisha kupiga hesabu yake: akinywa, Masasi haendi, akikataa, benchini harudi. Harufu ya kahawa ilimpanda puani na akaitamani. Akatamani pia kuimwaga yote usoni mwa Mrisho. Nesi akamwita akimbie. Zena akasimama, akamshika shemeji yake mkono, akakiweka kikombe kiganjani mwake.

"Nishikie kikombe, shemeji. Naitwa."

Mrisho alifungua mdomo. Mzee Awadhi, mkubwa kuliko wote pale, akamuwahi. "Amana hiyo, Mrisho," alisema, akajisogezea birika ajimiminie mwenyewe.

Zena aliteremka akiwa na hasira na akapanda nazo. Kwenye kona za juu, pale ambapo akiwa na ndoo hupumzika, hakupumzika. Alipofika sokoni hakwenda kwenye kiti cha nesi. Alikwenda benchini, akakaa, akanyoosha mkono, na nesi ikambidi amfuate huko, katikati ya wanaume. Mrisho alikuwa amesimama na kikombe cha Zena mkononi, wateja wanajihudumia na kumcheka. Nesi akapima. Wakangoja. Akapima tena.

"Umetulia," alisema, kisha akawageukia wote ili asirudie. "Umetulia vizuri kabisa. Huyu anakwenda Masasi."

Zena hakupiga vigelegele. Alikichukua kikombe mkononi mwa Mrisho. Kahawa ilikuwa imepoa na kuwa mbaya, na aliinywa yote mpaka machicha, watu wakimtazama. Kisha akamrudishia kikombe.

"Ahsante, shemeji. Haya, nilipokuwa bondeni, korosho zimetajwa bei gani?"

Mzee Awadhi akakohoa. Benchi zima likamngoja Mrisho, na akaitaja bei.