Jina la Baba Mkwe

Neno moja tu la Milka lilikaribia kumrudisha Kenya pamoja na binti yake. Neno lenyewe lilikuwa "sijui".

Alimtorosha Cheryl, mwenye miaka tisa, kabla baba mkwe hajampeleka kukeketwa. Mume alikuwa ameshafariki, na pale bomani mzee ndiye aliyekuwa na usemi wote. Kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi Milka alieleza yote hayo bila kigugumizi, mpaka alipoulizwa baba mkwe wake anaitwa nani. Akainamisha kichwa, akajibu, "Sijui." Kwao mke hatamki jina la baba mkwe, hata umfanyeje, na mtu akisikia mke amesema hajui, huelewa na kumgeukia mtoto amuulize yeye. Ofisa aliyemhoji hakumgeukia mtoto. Aliandika kwamba mwanamke asiyejua jina la mzee aliyeishi bomani kwake miaka mingi, basi mzee huyo amemtunga. Ombi likakataliwa.

Ndipo alipopelekwa kwa Kulwant, wakili wa msaada wa kisheria mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa, Coventry Road, kule Small Heath, Birmingham. Mama huyu wa Kisingasinga alizaliwa Kisumu, na Kiswahili alikuwa nacho bado.

"Mama Cheryl, kwa appeal nitakuuliza mbele ya judge," alisema. "Huyo mzee anaitwa nani?"

Milka akatazama dirishani. "Sijui, mama."

Wakili mwingine angefoka. Kulwant aliweka kalamu chini, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Hujui, ama hutaji?"

Milka akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameshakata tamaa ya kumpata mtu Birmingham nzima wa kumwelewa.

"Mama yangu aliishi na baba mpaka wakazeeka, na jina lake hakulitaja hata siku moja," Kulwant akaendelea. "Akiulizwa hospitali mumewe ni nani, anatusukuma sisi watoto mbele, tuseme. Hiyo desturi nitamweleza judge. Lakini atataka kulisikia jina kwako, si kwa mtoto. Na mimi siwezi kukulazimisha."

Milka alirudi Northfield, mtaa alikoishi, na mzigo huo. Alijaribu kulisema jikoni, bomba likiwa wazi ili Cheryl asisikie, na midomo ikagoma. Hakuogopa laana. Aliona aibu tu, aibu ile aliyofunzwa na mamake. Kulitaja ilikuwa kama kumvua mzee nguo sokoni.

Siku ya kesi ikafika. Kulwant alieleza desturi yote, naye jaji akasikiliza, shavu mkononi. Kisha swali likaja. Milka akawaza wembe. Akamwaza Cheryl amebanwa miguu, na mzee ameketi nje akingojea apewe habari. Hasira ikampanda. Heshima yote hii, alijiuliza, anamwekea nani?

Akalitaja. Mkalimani hakulishika vizuri, akamwomba arudie, naye akarudia kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Jina lenyewe sisi halituhusu; lilisemwa panapostahili, yatosha.

Wiki kadhaa baadaye simu ililia akiwa amepanga foleni dukani, Northfield, mkate mkononi.

"Mama Cheryl, umeketi?"

"Nimeketi," Milka akadanganya.

"Mmekubaliwa. Judge amekuamini. Cheryl haendi popote."

Milka alilia pale pale, bila kujali foleni, na furaha yake haikuwa na mfano.

"Mum, what's wrong? Are they sending us back?" Cheryl akamvuta koti.

"Haturudi, mama. Tunakaa."

Kulwant alikuwa bado hajakata simu. Milka alimshukuru mara tatu nne, akadhani yameisha. Wakili akakohoa.

"Siku ile ulipolitaja, mimi ndiye niliyetetemeka," alisema. "Wakili mzima! Nilimwita mume wangu 'sikia' na 'baba watoto' maisha yetu yote. Alipokufa, kwa msajili wa vifo jina lake alilitaja kijana wangu. Mimi sijawahi."

Milka akasogea kando ya foleni, akaibana simu sikioni.

"Balbir," Kulwant akasema, polepole. "Aliitwa Balbir."

"Jina zuri, mama," Milka akamwambia. "Hebu lirudie."