Kidonge cha Siku ya Koim

Tangu Koim aende Kimbe kuvuna chikichi, mwaka wa pili huo, Delma alikuwa akimeza kidonge leo, cha kesho anamwekea mumewe. Huko ng'ambo ya bahari dawa za virusi walivyokuwa navyo wote wawili ziliadimika, na kwao Banz mtu anayekula huku mwenzake anatazama hahesabiwi mtu. Vidonge alivificha chini ya viazi vitamu, ndani ya mfuko wa bilumu aliousuka mwenyewe, akimpa yeyote anayekwenda huko. Kila alipoweka kimoja, alijiona kama anampakulia Koim chakula.

Asubuhi moja kliniki, Sista Yapo alisoma majibu ya damu, akavua miwani.

"Virusi vimepanda. Unameza kila siku?"

"Nameza, sista."

"Nina wajukuu wanne, mwanangu. Uongo naujua kwa harufu."

Delma akaangalia vidole vyake vya miguu. Kisha akasema yote.

Sista hakumfokea. "Mbwa ukimchapa kwa kijiti, leo ndiyo, kesho hapana, mwisho anakuzoea. Virusi vyako vimeizoea hii dawa. Vya Koim navyo vivyo hivyo, sina shaka. Nakupa nyingine. Hii ukiigawa, ikizoeleka nayo, sijui nitakupa nini."

"Na yeye je?"

"Aje nimpime. Dawa yake ataikuta hapa."

Jioni akaja Paias, mdogo wake Koim, shavu limejaa popoo. Alikuwa anasafiri kwenda Kimbe kesho yake.

"Shemeji, mzigo wa bwana uko wapi? Au umeshamchoka?"

Delma akampa bilumu. Paias akaupima mkononi.

"Viazi vitupu. Vile vyake?"

"Havimo."

"Atanuna huyo."

"Aje anunie hapa. Mwambie sista anamwita, dawa yake iko hapa. Na mwambie..." Alitaka kusema kwamba usiku bado analala upande mmoja wa mkeka. Angewezaje kumtuma shemeji maneno kama hayo?

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje."

Paias akatema mate mekundu, akacheka. "Safari yote hiyo kwa maneno mawili."

Kesho yake ilikuwa siku ya Koim. Delma alikishika kidonge mpaka kikaanza kulowa kiganjani. Akakimeza. Kikapita kwa shida, kama tonge alilomnyang'anya mtu. Akatoka nje, akasimama akiitazama barabara, ingawa alijua fika kwamba Paias mwenyewe hajafika hata Lae kupanda meli.