Kioo Kati ya Netta na Wilma

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakumjua Lachlan Geddes wa Kirkallan, mji wa pwani huko Uskoti. Miaka arobaini ya ndoa, na siku alipotaka kumwonyesha mkewe mapenzi alimwita fundi wa alumini.

Mkewe, Netta, alikuwa amekohoa majira yote ya baridi. Madirisha ya zamani yalikuwa ya mbao, ya kupandisha na kushusha kwa kamba, na upepo wa bahari uliingia humo bila hodi. Fundi akayang'oa, akaweka fremu za alumini zenye vioo viwili viwili. Lachlan akaagiza na kizuizi, dirisha la jikoni lisifunguke zaidi ya upana wa kiganja.

Nyumba ikapata joto. Ikapata na kimya, na hicho Lachlan hakuwa amekiagiza.

Ng'ambo ya kichochoro, dirisha likitazamana na lao, aliishi Wilma, ambaye magoti yalikuwa yamemfungia ghorofani. Kila asubuhi baada ya uji wa shayiri Netta alikuwa akitoa kichwa nje, anaegemeza viwiko ukingoni, na umbea unaanza. Lachlan, nyuma ya gazeti, alinung'unika kwamba kasuku hao wawili watamtoboa masikio. Mwongo mkubwa! Hakuna neno lililompita. Netta hakuwa na mazoea ya kumwambia mumewe ya moyoni uso kwa uso, na Lachlan naye alikuwa hivyo hivyo. Yote alimmiminia Wilma. Ni dirishani hapo mzee alipojua kwamba ugomvi wa jana umekwisha, na kwamba mkewe bado anamwona mtanashati akivaa koti la kijani.

Sasa dirisha halikupitisha hata kichwa, na kila asubuhi Netta alivuka kichochoro kwenda kupiga soga kwa Wilma.

Siku ya kuchukua majibu ya vipimo vya kifua alikwenda hospitali ya Dundee peke yake. Aliporudi alisema tu, "Basi lilijaa hilo, wee!" Kisha akatoka tena.

Lachlan alibaki jikoni. Kupitia kioo aliwaona jikoni kwa Wilma, midomo inacheza. Netta akafuta macho. Alikuwa akilia au akicheka? Lachlan hakuweza kujua, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Alichukua bisibisi, akakifungua kizuizi, akalisukuma dirisha mpaka mwisho.

"Wilma! We Wilma! Wamemwambia nini huko hospitali?"

Wilma alifungua la kwake. "Makubwa! Shemeji, mkeo huyu hapa. Ulimi wako umeliwa na paka? Muulize mwenyewe."

Netta akasogea dirishani. Chini, watu wawili waliotoka dukani walisimama kusikiliza.

"Netta," Lachlan akasema. "Naogopa, mwenzio. Kifua kinasemaje?"

Netta akaegemeza viwiko ukingoni. "Kumbe unataka kujua?"

"Nisitake kwa nini?"

"Si ulitufungia dirisha? Nikajua mzee kanichoka, hataki tena kunisikia."

"Nilifungia upepo, mama! Wewe ningekufungiaje? Mimi gazeti sijawahi kulisoma asubuhi hata siku moja. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Wilma akashika mdomo. Netta akawa mwekundu mpaka shingoni, mwanamke wa miaka yake.

"Kifua kizima," akasema. "Ni baridi tu ilikuwa imenikaa. Daktari kasema nyumba yenye joto ndiyo dawa. Kwa hiyo ahsante, Lachie."

Hakuwahi kumwambia neno kama hilo bila kulipitisha kwa Wilma kwanza. Lachlan akashika fremu ya alumini kwa mikono miwili.

"Teleka chai," Netta akasema. "Nakuja nikusimulie yote."

"Thubutu!" akapaza Wilma. "Msimulie hapo kwenu, lakini dirisha liwe wazi. La sivyo mimi nitasikia nini?"