Mkimbiaji wa Wifi

Mimi hutengeneza nakala za nyayo za dinosaria kwa kumimina mpira wa majimaji mazito juu ya jiwe, na katika kazi hiyo sijioni mdogo kwa mtu. Ndiyo maana siku ile machimboni nilikataa kumimina, ingawa aliyeniagiza ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mtafiti wa makumbusho yetu.

Keshokutwa yake jiwe lile lingepondwa kokoto. Nakala yangu tu ndiyo ingebaki. Juu ya jiwe hilo, lilipokuwa bado tope, alipita dinosaria mdogo mla nyama, kimo chake hakizidi cha jogoo. Wifi alikuwa amezizungushia chaki nyayo zake, vidole vitatu vitatu, nazo ziliachana mno, hivyo akahesabu kwamba mnyama alikuwa anatimua mbio. Mkimbiaji huyo ndiye aliyempa wifi jina. Bango la kumtangaza mnyama huyo lilikwishatundikwa mlangoni pa makumbusho.

Nikamwambia chaki ioshwe kwanza, maana macho yakishaonyeshwa mstari hayalitazami tena jiwe. Akanuna. Akaniuliza kama kaka yake alioa mke au mkaguzi. Nikamjibu kwamba alipata wote wawili kwa harusi moja.

Nikachota maji, nikasugua kwa brashi laini, huku yeye amenipa mgongo. Kisha tukangoja jua lishuke, limulike jiwe kutoka ubavuni, kwa sababu hapo hata kishimo kidogo hutoa kivuli.

Jua lilipoinama, katikati ya nyayo zake zikajitokeza nyingine, hafifu, zenye vidole vitatu vilevile. Kila penye unyayo mzito ulifuata mwepesi. Mguu mmoja ulikanyaga kwa uzito wote, wa pili uligusa tope na kuondoka. Wifi alikuwa amechora mguu mmoja tu.

Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye zile hafifu, moja baada ya nyingine. Nilikuwa na hakika tangu asubuhi kwamba chaki inaficha kitu, lakini furaha sikuiona. Nilimhurumia. Nikamwambia kumimina kunaweza kungoja hadi kesho asubuhi.

Alimpigia simu mkuu wa makumbusho, akamwomba alishushe bango. Mkuu akataka kujua kisa.

"Hakukimbia hata kidogo," wifi alisema. "Alikuwa anachechemea. Mimi ndiye niliyemkimbiza."

Akatia simu mfukoni, akakunja mikono ya shati, akanishikia ndoo. Nikamimina.