Kumshusha Rukaya

Hamdan aliumia mgongo akipakua simiti katika duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, Nyeri mjini, na mgongo huo ndio uliomtoa dukani. Aliyemtibu hakumpa dawa nyingi. Alimfundisha upya kuinama, kuinua, kubeba na kuinuka kutoka chini, mambo ambayo mtu hudhani aliyamaliza utotoni. Mgongo ukapona, lakini mazoezi yakamkolea. Akaenda kuyasomea, akarudi kocha, akakodi chumba nyuma ya kinu cha unga kule Majengo. Walikuja wachuuzi wa viazi, wakaja watu wa bodaboda wenye viuno vibovu, hata mama mmoja aliyetaka tu kuinuka kwenye kochi bila kuita watoto. Hamdan aliipenda kazi hiyo kupita kiasi.

Baba yake, Mzee Huseni, hakuelewa hata kidogo.

"Mimi nalipa watu wabebe mzigo," alisema. "Wewe unataka watu wakulipe ndio wabebe? Ati hiyo ni kazi?"

Tangu hapo wakawa wa salamu tu, kama majirani waliogombania mpaka wa shamba.

Kisha Rukaya, mamake Hamdan, akaugua ini. Hospitali ilipomrudisha nyumbani bila kumpa siku nyingine ya kurudi, kila mtu alielewa. Wiki hiyo Mzee Huseni akafika kwenye kile chumba, akavua viatu mlangoni kana kwamba anaingia msikitini.

"Mama yako anaenda," alisema. "Na mimi nataka nimpokee kaburini na mikono yangu. Saa hii hata kuchuchumaa siwezi. Magoti imekataa."

"Baba, mimi na Mjomba Usman tuko."

"Najua mko. Mimi ndio nilimuoa."

Kwao mwanamke hushushwa na watu wake mwenyewe, bila sanduku, mikono mitupu ikimpokea kutoka juu. Mume asiyeweza kuinama hubaki juu na wengine. Hilo Mzee Huseni hakulitaka kabisa.

Wakaanza kwa kuketi kwenye benchi na kuinuka. Baadaye ikawa kigoda, halafu hakuna kitu. Mzee alitokwa na jasho, akalalamika, akamuuliza Hamdan kama anataka kuwazika wazazi wote wawili pamoja. Magoti yalipolainika, Hamdan alijaza mahindi kwenye gunia hadi uzito wa mamake, wakawa wanalipokea kutoka juu ya meza na kulilaza chini polepole, mgongo umenyooka. Alikuwa amewafundisha watu mazoezi mengi. Hili lilimchoma moyo.

Nyumbani Rukaya alikuwa akiisha mwili. Alijua tu kwamba mumewe na mwanawe wanaongea tena, na hilo lilimfurahisha. Siku moja Hamdan akafungua gunia apunguze mahindi.

"Wacha vile iko," baba yake akasema. "Mimi nilioa huyo mzito."

Rukaya alifariki alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Kaburini walishuka watatu: Mzee Huseni upande wa kichwa, Usman, kaka wa marehemu, katikati, na Hamdan miguuni. Juu yao watu walitandaza shuka, kama inavyofanywa anapozikwa mwanamke. Mzee alichuchumaa bila kutetemeka. Alimpokea mkewe, akamlaza, akamgeuza kuelekea kibla kwa utulivu kiasi kwamba Hamdan, pamoja na machozi yake, alimwonea fahari. Wakapanga mbao za kumfunika. Usman akapanda, akatoka.

Mzee hakutoka. Aliegemea udongo mwekundu, mkono mmoja juu ya mbao.

"Baba, twende."

"Kuingia ulinifunza vizuri," akasema. "Kubeba pia. Hii ya kutoka nikimwacha, hukunifunza."

Hamdan aliyatazama magoti ya baba yake. Yalikuwa imara, hayakuwa na shida yoyote ya kupanda. Naye kutwa huwaelekeza watu waweke wapi mguu.

"Hata mimi siijui, Baba."

Akachuchumaa, akaweka mkono wake juu ya mbao, karibu na ule wa mzee. Juu ya shuka mtu aliuliza kama wamemaliza.